Kushiba Si Kulishwa: Mbona Watoto Wetu Hawakui?

Wahenga walinena kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii yafaa kukumbukwa kila tunapomwona kijana wa miaka 17 ambaye kimo chake ni cha mtoto wa miaka 11, sauti yake haijavunjika, wala kidevu chake hakijaota hata unywele mmoja. Wengine husema amerithi ufupi wa babu yake. Wengine hunong'ona kuwa pana mkono wa mtu, ama kwamba wazazi wake walivunja mwiko fulani wa ukoo. Msichana naye akifikisha miaka 16 bila kuvunja ungo, wanawake wa kijiji humkalia kikao, na aghalabu uamuzi wao huwa ni kwamba ana mkosi. Jua husingiziwa mengi. Ni nadra mno mtu kuuchunguza udongo ambamo mbaazi wenyewe umepandwa, yaani sahani ambayo mtoto huyo hulia chakula chake kila siku.

Makala haya yanakusudia kuitazama sahani hiyo. Dai letu ni moja: chakula kinaweza kulijaza tumbo la mtoto asubuhi, mchana na jioni, na bado kisimjenge. Kinachokosekana mara nyingi si wingi wa chakula bali ni madini machache ambayo hayaonekani kwa macho, wala hayana ladha wala harufu. Na maadamu upungufu huo umeenea katika nchi nzima, lawama zake haziwezi kutwikwa akina mama peke yao. Ni jambo la sera, la sheria na la bajeti, na Serikali inapaswa kulijibu.

Mwili wa mwanadamu una madini ya aina nyingi. Baadhi yake, kama vile kalsiamu ambayo hujenga mifupa na meno, huhitajika kwa wingi. Mengine huhitajika kwa kiasi kidogo sana, lakini yasipokuwapo shughuli nzima ya mwili huvurugika. Zinki ni mojawapo ya haya ya pili. Ni zinki ile ile ambayo mabati ya nyumba zetu hupakwa ili yasishike kutu. Mwili wote wa mtu mzima una takriban gramu 2 hadi 3 tu za zinki. Kijana wa kiume wa miaka 14 hadi 18 huhitaji takriban miligramu 11 kwa siku, na msichana wa umri huo miligramu 9. Lakini bila chembe hizo seli za mwili haziwezi kugawanyika na kuongezeka ipasavyo. Homoni zinazomrefusha mtoto, na zile zinazomtoa mvulana utotoni na kumwingiza utu uzima, hupungua nguvu.

Tena mwili hauna ghala la zinki. Mafuta ya ziada huhifadhiwa chini ya ngozi, na madini ya chuma huwekwa akiba katika ini, lakini zinki haina akiba ya kutegemewa. Kwa hivyo nyama iliyoliwa sikukuu ya Krismasi au ya Idi haiwezi kumfaa mtoto miezi minne baadaye. Na wakati ambapo mwili huihitaji zaidi ni ule ule wa kubaleghe, kipindi ambacho mvulana anaweza kurefuka kwa sentimita 9 au zaidi katika mwaka mmoja tu.

Huenda msomaji akauliza, haya yalijulikanaje? Hadi miaka ya 1950 wataalamu wengi waliamini kuwa mwanadamu hawezi kupungukiwa na zinki kwa kuwa madini hayo yamo katika kila udongo na karibu kila chakula. Mnamo mwaka wa 1958 daktari mmoja mzaliwa wa India, Ananda Prasad, alikuwa akifanya kazi katika mji wa Shiraz, kusini mwa Iran. Aliletewa kijana wa miaka 21 ambaye kwa kumtazama ungedhani ana miaka 10. Hakuwa na dalili yoyote ya kubaleghe, damu yake ilikuwa imepungua mno, ini na wengu vilikuwa vimevimba. Alipohojiwa ilibainika kwamba chakula chake kilikuwa mkate wa ngano usiotiwa chachu na karibu si kitu kingine. Isitoshe, kila siku alikula takriban nusu kilo ya udongo.

Kijana huyo hakuwa peke yake. Muda si muda walipatikana wengine kumi wenye hali kama yake, na mwaka wa 1961 Prasad na wenzake wakaitangaza habari hiyo kwa ulimwengu wa udaktari. Upungufu wa damu ungeweza kuelezwa kwa ukosefu wa madini ya chuma. Lakini chuma peke yake hakikueleza kwa nini watu hawa walikuwa vibeti wasiobaleghe. Prasad akashuku kuwa zinki nayo ilikuwa imekosekana.

Jibu lilipatikana Misri. Katika vijiji vilivyo karibu na Cairo, Prasad aliwakuta vijana wa namna hiyo hiyo, ijapokuwa hawa hawakuwa na mazoea ya kula udongo. Chakula chao kilikuwa mkate na maharagwe, nayo miili yao ilikuwa imeshambuliwa na minyoo na kichocho, maradhi yanayoinyonya damu pamoja na madini yake. Vipimo vilionyesha kuwa zinki ilikuwa imepungua katika damu yao. Walipopewa zinki, walirefuka kwa sentimita 12 hadi 15 katika mwaka mmoja, na katika muda wa miezi mitatu hadi sita dalili za kubaleghe zikakamilika. Wale waliopewa madini ya chuma pekee hawakupiga hatua kwa kasi hiyo. Ilichukua miaka mingine zaidi ya kumi kabla ya wakuu wa sayansi kukubali. Ni mwaka wa 1974 ambapo Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani liliitambua zinki kuwa kirutubisho cha lazima kwa binadamu na kutangaza kiwango kinachofaa kuliwa kila siku.

Hebu tuangalie kwa makini kile kilichowapata watu wa Shiraz na wa vijiji vya Misri. Hawakuwa watu wa kulala njaa. Mkate ulikuwapo na waliula wakashiba. Tena ngano hiyo ilikuwa na zinki ndani yake. Shida ni kwamba nafaka na jamii ya kunde huwa na kitu kinachoitwa faiteti, ambacho mmea hukitumia kuhifadhi fosforasi katika mbegu. Faiteti huikamata zinki na chuma tumboni kama vile mtego unavyomkamata panya, na mwili hushindwa kuyafyonza. Mtu hula madini kwa mdomo, kisha madini yale yale hutoka nje bila kumfaa kitu. Mkate ukitiwa chachu na kuachwa uumuke, sehemu ya faiteti huvunjika. Mkate wa Shiraz haukutiwa chachu.

Sasa na tuyarejeshe macho yetu Kenya. Sisi hatuli mkate huo, lakini tunakula ugali. Mahindi nayo ni nafaka yenye faiteti, na ugali hausongwi kwa unga uliochachuliwa. Kuna maelfu ya nyumba ambamo ugali huliwa kwa sukuma wiki mchana, ukaliwa tena kwa sukuma wiki jioni, na asubuhi yake pakanywewa chai na kiporo cha ugali huo huo. Kuna maelfu ya shule ambamo mahindi na maharagwe ndicho chakula cha mchana cha Jumatatu hadi Ijumaa, na hizo ni shule zenye bahati. Mtoto anayelishwa hivyo hawezi kusema ana njaa. Tumbo limejaa. Lakini mfupa wake na damu yake vina njaa ambayo hajui kuitaja.

Haya si maneno ya kutia chumvi. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu virutubisho uliofanywa nchini mwaka wa 2011 uligundua kwamba takriban watoto wanane kwa kila kumi wa umri wa chini ya miaka mitano walikuwa na upungufu wa zinki. Kuhusu kudumaa, tumepiga hatua na ni haki tuseme hivyo. Takwimu za afya za mwaka wa 2008 na 2009 zilionyesha kuwa asilimia 35 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka wa 2014 kiwango kilishuka hadi asilimia 26, na mwaka wa 2022 kikawa asilimia 18. Hata hivyo, wastani wa taifa huficha mengi. Katika mwaka huo huo wa 2022, Kilifi ilikuwa na asilimia 37, na Pokot Magharibi asilimia 34. Mtoto wa Kilifi na mtoto wa Nairobi ni raia wa nchi moja, lakini si wa kimo kimoja.

Na kuhusu kula udongo, nani kati yetu hajaona vipande vya udongo vikipangwa mafungu mafungu sokoni, karibu na nyanya na vitunguu? Odowa, kama wengi wanavyouita, huuzwa mchana kweupe na hununuliwa na wanawake waja wazito na wasichana wa shule. Utafiti uliofanywa Nyanza katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa karibu wanafunzi watatu kwa kila wanne walikuwa wakila udongo, na kwamba wale waliokula udongo walielekea kuwa na upungufu wa madini ya chuma. Wavulana wengi waliacha mazoea hayo kadiri walivyokua, lakini wasichana wengi waliendelea nayo hadi ujanani. Watu huwacheka wasichana hawa. Ingefaa tujiulize kwanza mwili wao unatafuta nini, kwa kuwa hamu ya udongo mara nyingi huandamana na damu iliyopungua. Lakini udongo hauitibu hamu hiyo. Huweza kuyashika madini ya chakula tumboni na kuzidisha upungufu, tena huleta mayai ya minyoo.

Msichana ana mzigo wa ziada. Anapovunja ungo huanza kupoteza damu kila mwezi, na pamoja na damu hiyo huenda madini ya chuma. Kama hakuwa na akiba, huanza kuchoka, kusinzia darasani na kusahau alichofundishwa, kisha mwalimu humwita mvivu. Na aliyedumaa, akipata mimba kabla nyonga zake hazijapanuka, huweza kukwama wakati wa kujifungua. Wengi wa wanaopata nasuri ya uzazi ni wasichana na wanawake waliokwama namna hiyo pasipo kupata msaada kwa wakati. Upungufu ulioanzia sahanini humfuata binadamu hadi chumba cha kujifungulia, kisha humpokea mtoto atakayezaliwa.

Kuna madini mengine ambayo historia yake inapaswa kututia moyo, nayo ni iodini. Tezi ya shingo huihitaji iodini ili itengeneze homoni inayoongoza ukuaji wa mwili na wa ubongo. Ikikosekana, tezi huvimba na kuwa rovu, na katika hali mbaya zaidi mtoto hubaki kibeti, akili yake isikomae, wala asibaleghe ipasavyo. Watafiti waliofika katika kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu nchini Kongo, katika miaka ya 1960 na 1970, walikuta sehemu ambazo zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa na rovu, na miongoni mwao mlikuwa na watu wazima wenye kimo cha watoto. Kenya iliamuru mwaka wa 1978 kwamba chumvi ya kuliwa itiwe iodini. Leo kijana wa Murang'a au wa Kisii anaweza kumaliza shule asiwahi kumwona mtu mwenye rovu kubwa, jambo ambalo nyanya yake angelistaajabia. Hakuna aliyehubiriwa wala aliyebadilishiwa chakula. Chumvi ilibadilishwa, basi.

Huo ni ushahidi kuwa sheria nzuri ikisimamiwa huweza kukijenga kizazi kizima. Na Serikali ilijaribu kuufuata mfano huo. Mwaka wa 2012 ilitungwa kanuni ya kuwalazimisha wasagaji kuurutubisha unga wa mahindi na wa ngano uliofungwa katika pakiti, na miongoni mwa vinavyotiwa ni chuma na zinki. Kwa maandishi, kanuni hiyo ni ya kupigiwa mfano. Lakini ni nani anayeununua unga wa pakiti? Ni mwenye mshahara, au mkazi wa mji. Mkulima wa Kitale, wa Kitui au wa Ganze huweka debe lake la mahindi kichwani akaenda kwa kinu cha posho. Humo hakuna kirutubisho kinachotiwa. Hivyo basi kanuni iliyotungwa kwa ajili ya maskini humhudumia kwanza yule ambaye tayari anaweza kununua nyama na mayai.

Tofauti kati ya chumvi na unga i wazi. Chumvi yetu nyingi hutoka katika viwanda vichache vya pwani, huko Gongoni na Marereni, na mkaguzi mmoja anaweza kuvizungukia vyote katika siku chache. Mahindi husagwa katika maelfu ya vinu vilivyotapakaa kila soko na kila njia panda. Kuvikagua vyote kwa mtindo wa askari kanzu ni ndoto. Lakini haimaanishi kuwa njia imefungwa. Jirani zetu wa Tanzania wamekwisha kufunga katika vinu vidogo vifaa vinavyopima na kuchanganya virutubisho unga unaposagwa. Serikali zetu za kaunti, ambazo hutoza kila kinu ada ya leseni, zina wajibu wa kueleza ni kwa nini ada hiyo isitumiwe kuwasaidia wenye vinu kupata vifaa kama hivyo. Mwenye kinu asiadhibiwe kwa kosa ambalo hakulitenda, bali asaidiwe.

Wapo watakaosema: mababu zetu walikula ugali wakawa warefu na wenye nguvu. Jibu ni kwamba mababu zetu hawakula ugali wetu. Mahindi yaliletwa na Wareno pwani, na ni katika karne ya 20, chini ya mkoloni, ndipo mahindi meupe yalipotawala mashamba na vyungu vyetu. Kabla ya hapo palikuwa na wimbi, mtama na mawele, na mara nyingi unga wake ulichachuliwa kabla ya kupikwa uji. Palikuwa na maziwa na damu kwa wafugaji, samaki kwa watu wa ziwa na wa bahari, kumbikumbi kwa watu wa magharibi, na mnavu, mchicha, saga na kunde zilizochumwa bila kununuliwa. Tulipoviacha vyote hivyo tukabaki na mahindi matupu, tulijiita watu waliostaarabika. Ukweli ni kwamba tulibadilisha chakula cha aina kumi kwa chakula cha aina moja.

Wengine watasema kuwa nyama na maziwa ni anasa ambayo nchi maskini haiwezi kuwapa watoto wa shule. Hoja hii ina uzito, lakini na ipimwe kwa ushahidi. Kati ya mwaka wa 1998 na 2000, watafiti walifanya jaribio katika shule 12 za msingi huko Kyeni, Embu. Zaidi ya watoto 500 walihusika. Katika baadhi ya shule watoto walipewa githeri iliyotiwa nyama ya kusaga. Katika nyingine walipewa githeri pamoja na maziwa, na katika nyingine githeri iliyozidishwa mafuta. Nyingine hazikupewa chakula ili zilinganishwe na hizo. Waliokula nyama walijenga misuli zaidi, walicheza na kuongoza wenzao zaidi, na waliwashinda wengine katika mtihani wa kupima akili. Miongoni mwa watoto wadogo waliokuwa wamedumaa, waliopewa maziwa walirefuka zaidi. Haikuwa miujiza: kimo cha watoto wote hakikubadilika, kwa kuwa malaria na minyoo navyo hula sehemu yake. Lakini jaribio hilo lilifanyika hapa hapa, kwa githeri yetu, na linatuonyesha kuwa kiasi kidogo cha chakula cha asili ya mnyama hufanya kazi ambayo sufuria nzima ya mahindi haiwezi.

Wasomaji wa umri wa makamo wangali wanayakumbuka Maziwa ya Nyayo. Mpango huo ulioanza mwaka wa 1979 uliwafikishia wanafunzi wa shule za msingi pakiti za maziwa bila malipo, na kuna wakazi wa vijijini ambao pakiti hiyo ndiyo iliyokuwa maziwa yao pekee ya wiki. Katika miaka ya 1990 mpango ulififia ukafa. Waliouendesha walikuwa na kasoro zao, na si nia yetu kuzifukua. Tunachouliza ni kimoja: ikiwa nchi iliweza kuyafikisha maziwa hadi shule za mashambani zaidi ya miaka arobaini iliyopita, kwa barabara za wakati ule, ni kizuizi gani kinachotushinda leo? Mwaka wa 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha chakula cha mchana kwa wanafunzi ambapo mzazi alichangia shilingi 5. Nia ikiwapo, basi, njia hupatikana.

Wala si lazima tuanze na nyama ya ng'ombe. Omena, huyu samaki mdogo wa Ziwa Viktoria ambaye wengine humdharau, huliwa mzimamzima pamoja na mifupa yake, na ana zinki, chuma na kalsiamu kwa wingi. Je, tunamfanyia nini? Sehemu kubwa ya omena wanaovuliwa husagwa kuwa chakula cha kuku na mifugo. Mtoto wa mvuvi huko Homa Bay au Siaya huweza kudumaa akiliangalia lori likiondoka ufuoni na shehena ya madini ambayo angeyahitaji. Haifai kumkataza mvuvi kumwuzia amtakaye. Lakini Wizara ya Elimu ingeweza kuwa mnunuzi wa kutegemewa: kiganja kimoja cha omena waliokaushwa na kusagwa vizuri kitiwe katika sufuria ya kila shule. Fauka ya hayo, taasisi ya utafiti wa kilimo ya KALRO imetoa aina za maharagwe yenye chuma na zinki zaidi, kama vile Nyota na Angaza. Shule zikiagiza maharagwe hayo, wakulima watayapanda.

Tukiingoja Serikali tusikae mikono mifukoni. Mengi yanaweza kufanywa jikoni bila gharama. Unga wa uji uloweshwe na kuachwa uchachuke usiku mmoja au mbili kama walivyofanya nyanya zetu, kwani kuchachua huvunja faiteti. Wimbi lioteshwe kimea kabla ya kusagwa. Maharagwe na mahindi ya githeri yaloweshwe usiku kucha, kisha maji hayo yamwagwe. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwa sababu huzuia chuma cha mboga kufyonzwa. Ingojwe baada ya saa moja au mbili. Badala yake, mtoto apewe pera, chungwa au kipande cha ndimu, ambavyo hukisaidia chuma kuingia mwilini. Yai moja, au kijiko cha omena, kipelekwe kwanza kwa mtoto anayekua. Na hapa akina baba watuwie radhi. Mila ya kumwachia baba finyango zote, mtoto akaachiwa mchuzi, imepitwa na wakati. Mfupa wa baba umekwisha kukua.

Tahadhari nayo inafaa. Si kila kijana aliyechelewa kubaleghe amekosa zinki. Wengine huchelewa kwa sababu ya maumbile ya ukoo, kisha huwafikia wenzao. Wengine wana maradhi ya muda mrefu, hasa ugonjwa wa selimundu ambao ni wa kawaida Nyanza, Magharibi na Pwani, na ambao wenyewe huufanya mwili upoteze zinki. Kwa hivyo mvulana aliyetimiza miaka 14 bila dalili yoyote, msichana wa miaka 13 ambaye matiti hayajaanza kuota, au wa miaka 15 ambaye hajavunja ungo, apelekwe hospitalini akachunguzwe. Asipelekwe kwa mganga wa kupunga pepo, wala kwa mchuuzi wa vidonge vya kurefusha anayepaza sauti kituo cha matatu. Zinki ikizidi kipimo huizuia shaba kufyonzwa na huleta upungufu mwingine wa damu. Vilevile mtoto mdogo anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kama Shirika la Afya Ulimwenguni linavyopendekeza tangu mwaka wa 2004, kwa kuwa kila anapoharisha hupoteza zinki.

Lipo jambo moja la kutia matumaini katika simulizi ya Misri. Vijana wale walikuwa wamefikia umri ambao wenzao huwa wamekwisha kukoma kurefuka. Lakini kwa kuwa kubaleghe kwao kulikuwa kumecheleweshwa, mifupa yao haikuwa imefunga, na walipolishwa ipasavyo walianza kukua upya. Mlango haukuwa umefungwa bado. Hata hivyo, haukai wazi milele. Kubaleghe kukikamilika mifupa hufunga, na baada ya hapo hakuna waziri, daktari wala bajeti itakayoweza kumwongezea mtu hata sentimita moja.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Uchungu wa kijana anayeachwa nyuma na wenzake, anayeoga peke yake bwenini kwa aibu, anayeitwa mtoto na watoto aliowatangulia kuzaliwa, haujulikani na wale wanaoketi katika kamati za bajeti. Ndiyo maana ni lazima sisi tulioona tuseme kwa niaba yake. Watoto wa chekechea wako mikononi mwa magavana, wa shule za msingi wako mikononi mwa Serikali ya taifa, na hakuna mtoto asiye na mwenyewe. Wabunge wanapojadili makadirio ya fedha yajayo, wasiulize tu ni watoto wangapi watakaokula mchana. Waulize pia ni nini kilichomo katika sahani hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mwili wa mwanadamu, ukishapita wakati wake, haujengeki tena.